Njoo Uape Kwamba Jenifa Ni Wako

Miyuji, Dodoma

Mdogo wangu Yulita,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla shemeji hajafungua bahasha akusomee. Mgongo wako ukoje? Uwele umeshika, au ndege wamemaliza wote? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananigomea. Anayeniandikia ni Mama Zubeda, jirani yangu mwenye duka la kanga. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie. Simu nimeikwepa, neno hili si la kupigiana kelele haloo haloo.

Yule mama anayetawala nchi ya Ulaya anakofanya kazi Jenifa, simpendi. Simpendi hata kidogo. Kila taarifa ya habari yumo, kanyoosha shingo, anasema yeye ni mama, familia kwanza, wanawake wa kwao wazae. Halafu hapo hapo, bila hata kumeza mate, anasema wageni wamezidi, wasilete watoto wao. Jenifa anawaogesha wazee wa nchi ile, anawalisha kwa kijiko kama vichanga. Mikono yake wanaitaka. Mtoto wake hawamtaki. Umama gani huo?

Mama Zubeda ananiambia, "Lakini Bibi Nyemo, si angalau mwanamke mwenzetu kakalia kiti?" Kiti ndicho kilichomkalia yeye! Mwanaume akinifungia mlango nitasema hajui. Huyu uchungu wa kuzaa anaujua, na bado anafunga.

Sasa sikiliza. Sheria mpya ya serikali yake inataka mtoto anayemfuata mzazi ahojiwe pamoja na mlezi. Tuliitwa mimi na Nyemo, huyu mtoto wa Jenifa ninayemlea, kwenye ofisi moja hapa mjini, bwana wao akatokea kwenye kompyuta, mkalimani pembeni. Akauliza, "Wewe ni nani kwa Jenifa?" Nikasema mama yake. "Ulimzaa wewe?" Nikasema ndiyo.

Yulita, ningesemaje? Ulipougua baada ya kujifungua, nani alimpa Jenifa titi la kushoto, na mwanangu Mathei la kulia? Tangu siku ile nani pale nyumbani amewahi kuuliza katoka tumbo gani? Marehemu mama alikataza hata kulitaja. Kumbe cheti cha kuzaliwa cha Jenifa kina jina lako. Wakasema bibi ni mwongo, na kama bibi ni mwongo, huenda hata mtoto si wa Jenifa. Faili likasimama.

Hapa Mama Zubeda kaweka kalamu chini. "Lakini ulidanganya kweli, Bibi Nyemo." Na hilo liandike, nimemwambia.

Nyemo hajalipangua begi lake la safari tangu siku ile. Kila asubuhi anachomoa sare ya shule, anafunga zipu tena. Juzi ananichambulia mlenda, akaniuliza, "Bibi, mimi nilikosea kujibu wapi?" Mtoto wa miaka tisa! Niliingia ndani nikajifanya natafuta chumvi. Ningemkamata yule mama wa televisheni siku ile, angenieleza vizuri familia ni nini.

Wametupa mpaka mwisho wa mwezi huu. Njoo na kitambulisho chako na barua ya mtendaji wa kijiji. Usiseme mgongo, mgongo utauma hata huko. Tutakwenda mahakamani, utaapa kwamba Jenifa umemzaa wewe. Na mimi nitasimama hapo hapo niape kwamba sikumzaa.

Shemeji anayekusomea nampa pole kwa barua ndefu, na afunge mdomo wake. Nisalimie wifi yetu wa kwaya, na mjomba mwenye mbuzi. Mwambie yule beberu mweusi asimuuze kabla sijarudi.

Lile neno la mahakamani nitalisema mara moja tu, kwa ajili ya masikio ya yule mama wa televisheni. Tukishatoka mlangoni, Yulita, usinyamaze. Niite kwa sauti, watu wasikie, jina ulilonipa wewe mwenyewe ukiwa bado kitandani unaumwa.

Mimi dada yako,
Mama Jenifa