Ukurasa wa Pili wa Maneno ya Mgeni

Jumatatu, 4 Machi

Nimefungua duka saa mbili. Fotokopi mbili tu hadi mchana, cheti cha kuzaliwa na barua ya kuomba kazi. Mvua tangu alfajiri. Umeme umekatika mara tatu.

Saa sita akaja Mtendaji wa kijiji, mwenyewe, hakutuma mtu. Jumamosi kuna mgeni, Mzungu, mtaalamu wa miamba na maziwa. Atazungumza na sisi watu wa Ikola juu ya ziwa lilivyoanza zamani na linavyopanda sasa. Mtu wao wa kutafsiri amelazwa Mpanda, malaria. Kwa hiyo mimi. Nikasema hakuna shida. Nilisema kabla hajamaliza.

Mgeni ametuma orodha ya maneno magumu ili mtafsiri ajiandae. Kurasa mbili. Nimezichapisha.

Hapa wote wananiita Mtumishi. Miaka tisa nimesimama kanisani kando ya wahubiri wa kutoka Kenya na Uganda, nikitafsiri. Kiingereza nilikiokota kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo nikiwa mdogo, na Kidato cha Nne nilipata F. Hakuna anayejua, hata mke wangu. Mhubiri akitoa neno nisilolijua, naweka langu. Akipandisha sauti, napandisha. Watu wanasema amina. Haijawahi kumdhuru mtu.

Jumanne, 5 Machi

Ukurasa wa kwanza, na kamusi. Extinction, kutoweka kwa aina nzima ya viumbe, asibaki hata mmoja. Mass extinction, wengi kutoweka kwa mpigo. Fossil, mfupa uliogeuka jiwe. Asteroid, jiwe la kutoka angani. Kumbe viumbe wameshatoweka kwa mpigo mara tano. Mijusi wakubwa kuliko lori la mahindi, wote kwisha. Aisee.

Nimemsomea mke wangu akiwa anapukuchua mahindi. Akauliza kama hao mijusi walikuwepo na huku kwetu. Nikajibu kama profesa. Nilifurahi sana, sitaficha.

Alhamisi, 7 Machi

Ukurasa wa kwanza wote uko kichwani. Volcanic eruption, mlipuko wa volkano, naitamka hadi natamani wanisikie.

Ukurasa wa pili nimeutazama tu. Shoreline, erosion, collapse, evacuate. Maneno makavu, hayana hata mnyama mmoja. Nitayasoma kesho.

Ijumaa, 8 Machi

Sikusoma. Nimenyoa, nimepiga pasi suti.

Jumamosi, 9 Machi

Watu walijaa uwanja mzima. Wavuvi, akina mama wa dagaa, hadi Wasukuma wa ng'ombe kutoka juu. Nilianza vizuri. Jiwe la kutoka angani nililitupa kwa mkono, watu wakashtuka. Mijusi niliwaigizia mpaka mlio, ingawa mgeni hakutoa mlio wowote. Makofi.

Halafu mgeni akageukia ziwa. Akawa anasema polepole, uso umebadilika, mkono unaelekea ufukweni. Maneno ya ukurasa wa pili hayo, yanakuja moja baada ya jingine, na mimi sina hata moja. Jasho. Ningesema sijui. Sentensi ya neno moja. Nikaona suti, nikaona watu, nikaweka yangu.

Mama Leokadia akasimama. Huyu ni mjane, anaanika dagaa, nyumba yake iko juu kabisa ya ukingo wa mchanga, maji yako chini yake. Anaishi na mjukuu. Akauliza kama ahame au abaki. Nilimuuliza mgeni kwa Kiingereza changu. Akajibu kwa kirefu, anamwangalia yeye, si mimi. Nilishika "your house" na "rain". Basi.

Nikasema, "Mgeni anasema mama usiwe na hofu, ziwa hupanda na kushuka, nyumba yako iko salama."

Akaweka mkono kifuani. Watu wakapiga makofi. Mgeni naye akatabasamu, akadhani wanampigia yeye. Jioni akaondoka kwa boti kwenda Kigoma.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya ibada nimeshikwa mkono na watu wengi. Mchungaji kasema nina kipawa.

Nimerudi nyumbani, nimechukua ukurasa wa pili na kamusi. Sijui kwa nini leo. Shoreline, ufukwe. Erosion, maji kula ardhi kidogo kidogo. Collapse, kuporomoka. Evacuate, kuondoa watu mahali pa hatari.

Nakumbuka kila mahali aliposema evacuate. Alisema mara tatu akimwangalia Mama Leokadia.

Chakula cha mchana sijala.

Jumanne, 12 Machi

Mvua kubwa. Nilienda kwake kumwambia. Kweli nilienda. Nikamkuta anageuza dagaa kwenye chanja, akaniita ndani, akanipa uji. Akamwambia jirani yake kwamba mimi ndiye niliyemtoa hofu, sasa analala vizuri. Nikanywa uji. Nikanunua sado moja, ndoo ndogo nzima ya dagaa, ambayo hatuihitaji. Nikarudi.

Nimewaza kumpigia Mtendaji. Atauliza nilijuaje na nilijua lini. Nimeweka simu chini. Mimi ni mwoga, na mbaya zaidi ni mwoga mwenye suti.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Nimejiambia kesho. Mara ya pili naandika neno hilo mwezi huu.

Ijumaa, 15 Machi

Ukingo umeporomoka saa nne asubuhi.

Umechukua jiko la Mama Leokadia, chanja zote, dagaa wa wiki nzima na nusu ya chumba cha kulala. Nilisikia kelele nikiwa dukani, nikakimbia na viatu vya ndani. Kitanda kimoja kilikuwa kinaelea. Nikauliza wako wapi.

Yeye alikuwa sokoni. Mjukuu shuleni. Wamepona wote wawili. Ingekuwa usiku, mtoto angekuwa amelala mle.

Nimerudi dukani, sikufungua tena.

Jumamosi, 16 Machi

Amekuja asubuhi. Nilidhani anakuja kunitukana, nikajiandaa. Alikuja kunishukuru. Anasema nilimwambia yuko salama, na kweli Mungu amemlinda yeye na mtoto, neno langu lilikuwa la kweli.

Afadhali angenipiga.

Nikafunga mlango wa duka. Nikamtolea karatasi, ukurasa wa pili, nikamsomea neno moja moja na maana yake. Nikamwambia mgeni alisema nini na mimi nilisema nini. Nikamwambia nilijua Jumapili, na Jumanne nilipokunywa uji wake nilikuwa najua. Nikamwambia na ile F.

Kisha akauliza kama wale wengine wanaokaa ukingoni nao wameambiwa. Nikasema hapana. Akainuka, akajifunga khanga vizuri.

Tumepita nyumba kumi na moja. Yeye mbele, mimi nyuma. Kila mlango anabisha hodi, anapisha, mimi naanza upya kusema nilidanganya. Mzee mmoja wa mitumbwi alinifukuza na kasia. Wanawake wawili walilia. Nyumba ya mwisho walicheka, wakadhani natania kama kanisani, ikabidi Mama Leokadia aseme mwenyewe kwamba sitanii. Kutoka pale nilikwenda kwa Mtendaji. Hakupaza sauti. Kachukua daftari, kaandika jina langu, kasema nirudi Jumatatu.

Mke wangu nimemwambia kabla ya kula. Amenitazama kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

Jumatatu, 18 Machi

Nyumba saba wameshahama. Nne bado wanabishana. Mtendaji kampigia mgeni simu, nimekaa pale pale. Safari hii kapata mwalimu wa sekondari atafsiri. Mwalimu alisema "samahani, rudia" mara nne na hakuna aliyemcheka.

Jumanne, 19 Machi

Hakuna mvua leo. Nimefunga duka, nimeenda kumsaidia Mama Leokadia kubomoa upande uliosalia. Anahamia kwa shemeji yake, juu karibu na barabara. Yeye anang'oa misumari na kuinyoosha kwa jiwe, mimi nabeba mabati. Mara mbili alinielekeza niweke wapi.

Tulipopumzika akanipa maji. Akasema bila kunitazama, "Siku ile ungesema tu hujui, mwanangu, ningemuuliza kwa mikono."

Nikamrudishia kikombe. Yalikuwa yamebaki mabati manne, tukaendelea.