Picha ya Maji ya Lambo

Kilosa, 12 Agosti 1975

Kaka Stefano,

Shikamoo, ingawa leo inanitoka kwa shida. Mahindi yamefika, mama anashukuru.

Nilihangaika siku tatu na kamera juu ya hadubini nipate picha ya vijidudu vya lambo lenu. Nilikuomba uionyeshe mkutanoni, watu waache kuoga humo. Kumbe wewe, mwenyekiti wa kijiji, umeitia fremu ukaitundika ofisini, ati inawapendeza wageni.

Jana mkeo alimleta Regina hapa zahanati. Anakojoa damu.

Nakutumia picha nyingine. Hilo yai lenye mwiba ni la kichocho, nimelikuta kwenye mkojo wa mwanao. Na hii itundike, kaka. Wageni wakiuliza, waambie ni ya nani.

Mdogo wako,
Raheli