Betri za Redio ya Tata

Mjukuu wangu Kemi,

Hapa Ijuganyondo tu wazima, na kahawa imeanza kuiva. Umeniuliza kama nasi tulizuiwa vitu, kama mama yako anavyofungia simu yako kabatini kila jioni.

Nilipokaribia mtihani wa darasa la saba kule Muleba, Tata, baba yangu, alitoa betri za redio yetu. Nilinuna wiki nzima. Jumapili moja ikatangazwa mechi aliyokuwa akiingoja sana. Jirani akamwita wakasikilize kwake.

Tata akakataa. "Mwanangu nimemzuia. Na mimi nasubiri."

Nilifungua daftari bila kuambiwa.

Umelalamika kwamba mama yako hufungia hata simu yake mwenyewe humo humo kabatini. Hapo, Kemi, nimejivunia kumzaa.

Bibi yako anayekupenda,
Adela