Kila Kinu, Miti Kumi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Leo asubuhi karakana yangu hapa Madale ilijaa harufu ya gogo la mkongo lililopasuliwa, nikakukumbuka mpaka nikacheka peke yangu. Nilikumbuka siku uliyonikamata.

Ulikuwa ukichonga vinu, michi na miko nje ya chumba chetu Mwananyamala. Kila ukimaliza kinu ulikuja kupanda mche shambani kwako huku Madale, na kila mteja ulimweleza hivyo, awe ameuliza au hakuuliza. Wengine walikuwa wameacha chungu jikoni, lakini hukuwaachia kinu mpaka wasikie habari za mche! Nilikuwa darasa la sita, nikaona aibu. Nikasema, "Baba, nitakuandikia bango, usijichoshe kuongea."

Ukanipa ubao. Nikaandika kwa rangi nyeusi: KILA KINU, MITI KUMI. Mmoja niliuona haba, hauvutii mteja. Ulipouliza nimeandika nini, nikajibu, "Yale yale unayosemaga." Hukujua kusoma. Ukaniamini, ukalitundika kwa fahari, na hilo linanichoma hadi leo.

Bango likafanya kazi. Mama Neema, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama pale mtaani, akaagiza vinu ishirini, kimoja kwa kila mwanachama. Hukuwa umewahi kupata oda kama ile. Ukaanza kuzungumzia mabati mapya.

Miaka ile watu wazima nchi nzima walikuwa madarasani wakijifunza kusoma, nawe ukajiandikisha, penseli nyuma ya sikio kama uko kazini. Jioni moja ulirudi kutoka darasani, ukasimama mbele ya bango, ukafuata herufi kwa kidole.

"Ki-la... ki-nu... mi-ti..." Uso ulikuwa unang'aa kwa furaha. "Ku-mi."

Ukasoma tena.

"Kumi? Nani kapanda kumi?"

Hukunichapa. Ulichukua randa, ukaupiga ule ubao mpaka herufi zote zikatoka, kisha ukaniamuru niandike: KILA KINU, MCHE MMOJA. MINGINE IMEKUFA.

"Baba, hapo hatuuzi hata mwiko!"

"Tusiuze. Lakini mtu asije akanunua kumi nikampa mmoja."

Ukanishika mkono hadi kwa Mama Neema, ukamweleza yote, ukamwambia yuko huru kuvunja oda. Yule mama akacheka mpaka akashika mlango.

"Mzee wangu, hiyo kumi mie sikuiamini tangu mwanzo! Si shamba lingekuwa msitu? Haya, hiyo mingine imekufa na nini?"

"Mbuzi wa jirani, mama. Na jua."

Jumamosi yeye na kikundi chake wakaja shambani na ndoo na matawi ya miiba, nyimbo juu, wakazungushia miche uzio, wakamwagilia, wakagombania mche upi ni wa nani. Mama Neema alijichukulia ulionyooka kuliko yote, akasema uongozi una faida zake. Vinu ishirini vyote ukavichonga. Sijawahi kukuona ukipiga mluzi kama siku zile.

Siku hizi, Baba, kila duka limejichorea jani la kijani na kujiita rafiki wa mazingira. Nami nilishawishika. Niliponunua ubao wa bango jipya, mkono ulitaka kuchora jani. Ila ukweli ni kwamba mvua zilichelewa, nami nikazembea, mwaka huu sijapanda hata mche. Nikaandika hivyo hivyo: MWAKA HUU BADO HATUJAPANDA MTI. Nikalitundika nikijua nimejiharibia.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja, amefuata kitanda. Akasoma, akanigeukia.

"Sasa tunapanda lini?"

Nimemwambia Jumamosi. Atakuja na mumewe.

Lala salama huko uliko, Baba. Mie naenda kuchimba mashimo ya miche.

Binti yako,
mwandika mabango