Wifi, Damu Ile Haikuwa Usichana

Wifi yangu mpendwa,

Barua hii nitaisoma kwa sauti hapa Mpui, mbele ya ndugu waliokusanyika kwa misa ya kukukumbuka. Wanaume wapo. Nimeombwa nipunguze mambo ya kike. Sitayapunguza, kwa sababu ukimya wetu juu ya mambo hayo ndio uliokuchelewesha kutibiwa.

Unakumbuka mwaka ule tulipovuna ulezi pamoja, upepo wa Juni ukitukata masikio? Kila mtu alikuwa ndani ya sweta. Mimi nilikuwa nimevua langu, jasho likinitiririka shingoni. Ulisimama na kisu mkononi, ukanitazama, ukasema, "Wifi, mwaka huu hatuhitaji kuni. Tukae tu karibu yako tuote." Shamba zima likacheka, nami nikacheka. Baadaye, tukiwa wawili, nilikueleza mengine: moyo kunienda mbio bila sababu, usingizi kukatika, magoti kuuma, kusahau jina la mwanafunzi niliyemfundisha tangu kidato cha kwanza, na maumivu ya faragha ambayo kaka yako aliyatafsiri kuwa nimemchoka. Anasikia sasa hivi, na anajua kwamba sikumchoka.

Ulinijibu kwa sauti ya chini, "Hata mimi, wifi. Nilidhani nimerogwa."

Sijui kama uliwahi kutambua jinsi sentensi hiyo ilivyonipumzisha.

Kisha ikaja siku uliyonipokea mlangoni ukitabasamu kama bibi harusi. Hedhi yako ilikuwa imekoma miaka mingi nyuma. Wajukuu wako walishaanza shule. Ukaninong'oneza, "Siku zangu zimerudi. Mimi nimerudi usichana, wewe endelea na ubibi wako." Nilikusihi twende hospitali. "Nikamwambie daktari nini," ukauliza, "kwamba nimepona uzee?" Shangazi zako walikuunga mkono: dawa ya mizizi uliyokuwa ukinywa kwa ajili ya lile joto imefanya kazi kupita matarajio. Ukafunga kitenge cha pili juu ya cha kwanza, ukaenda kupukuchua mahindi. Ulipokubali hatimaye kupanda gari la Sumbawanga, saratani ya kizazi ilikuwa imeshasambaa. Njia nzima ya kurudi ulinishika mkono, na hukutania hata mara moja.

Wifi, wiki iliyopita nami nimeona damu. Hedhi yangu ilikoma zamani.

Muuguzi wa kwetu Mollo amenieleza bila kunitisha na bila kunibembeleza. Mwanamke aliyemaliza mwaka mzima bila hedhi akiona damu tena, hata tone, lazima apimwe. Mara nyingi chanzo ni kidogo na kinatibika, lakini hakuna anayeweza kukijua kwa kukaa nyumbani na kubashiri. Namwamini. Hata hivyo, tangu siku hiyo chakula kinanishinda, na nikiwa darasani naandika ubaoni kisha nasahau nilichotaka kuandika.

Kaka yako nilimwambia juzi, tukichambua maharage. Akauliza bila kuinua macho, "Kama ya dada?"

"Sijui," nikamwambia. "Ndiyo maana naenda."

Akaendelea kuchambua, akichanganya mazima na mabovu. Kisha akasema atanisindikiza hadi mlango wa kliniki. Nimemwambia kwamba mlangoni hapatoshi. Aingie ndani, akae, asikie mwenyewe kila kitakachosemwa. Amekubali.

Naogopa, wifi. Ninasema hivi mbele ya watu wote hawa ili nisipate njia ya kurudi nyuma kesho. Najua pia kwamba miongoni mwa kina mama wanaonisikiliza yupo anayetazama chini. Sitamtaja wala kumuuliza. Kesho gari la alfajiri la Sumbawanga litasimama hapo barabarani, nami nitamshikia kiti karibu yangu. Akija, hatalazimika kunieleza anakwenda kufanya nini.

Lala salama,

Wifi yako wa Mollo