Neno Nililoliacha Kharumwa

Melini, bahari ya Namibia
Jumatano asubuhi

Mama Kulwa mke wangu,

Nakusalimu wewe na huyo uliyembeba, na pacha wetu Kulwa na Doto, na wote walio hapo nyumbani Kharumwa. Miguu imepungua kuvimba? Unakula, au bado unaishi kwa chai na michembe ya viazi? Mimi ni mzima wa mwili. Nikisema ni mzima wa moyo nitakuwa nadanganya, na uongo nimeshautumia wa kutosha mwezi huu, kama utakavyosikia.

Barua hii inashuka leo na Mzee Salehe, mpishi wetu, mtu wa Tanga. Mafuta ya moto yamemuunguza mkono, na kuna mashua ya wavuvi inakuja kumchukua yeye na mganga wa meli. Akifika bandarini atazipiga picha kurasa hizi na kuzituma kwenye simu ya kaka yako. Nimeomba nishuke naye. Nahodha amesema mashua ina nafasi ya mgonjwa na mganga wake, basi. Nimeomba mara ya pili, akageukia ramani zake.

Shemeji, wewe unayesoma, nakuomba usiifupishe. Waite wale wale waliokula kuku siku ya kuniaga: mama yangu, baba mkwe na mwenyekiti wa kitongoji. Soma kwa sauti, hata pale panaponitia aibu. Mama hajui kusoma lakini mwandiko wangu anaujua, kwa hiyo muoneshe picha kwanza.

Mama Kulwa, mnaniuliza kila mara ni kazi gani hii ya kulipwa kutazama maji. Kulwa amewaambia wenzake shuleni kwamba baba yake anachunga nyangumi, na hajakosea sana. Tunasimama kwenye majukwaa ya meli na darubini. Meli inakwenda mstari mmoja ulionyooka, ikifika mwisho inageuka kushika mstari wa pili, kama tunavyolima kwa maksai. Ukiona nyangumi, pomboo au sili, unaandika ni wangapi, wapo upande gani, wapo mbali kiasi gani. Sili ni mnyama mwenye uso wa mbwa na mapezi ya samaki. Anajilaza chali kwenye maji, anakukodolea macho kama mtu anayekudai salamu. Watoto wao kule kwenye miamba wanalia kama vitoto vya mbuzi, na siku ya kwanza nilipowasikia nilikumbuka kwetu hadi machozi.

Tupo makundi mawili, la juu na la chini, mimi nipo la chini. Hatuonani, na tumekatazwa kuambiana tulichokiona. Kila kundi linajaza fomu zake, kisha kiongozi wetu wa utafiti anazilinganisha, apate kujua ni wanyama wangapi wanaoponyoka macho ya watu. Kumbuka hilo.

Mwanzoni niliipenda kazi. Siku moja nikamtambua nyangumi tuliyemwandika siku mbili nyuma, kwa pezi lake lililopasuka. Kiongozi, mama mmoja wa makamo asiyecheka ovyo, akaniuliza, "Masanja, macho hayo umeyatoa wapi?" Nikamwambia nimeyatoa kwa ng'ombe wa baba yangu. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Halafu ukaja ukungu. Si ule wa mbugani ambao jua likipanda unaondoka. Huu unakaa. Sheria ya kazi ni kwamba usipoona mbali huhesabu, na mstari usiohesabiwa haujafanyika, na meli hairudi mpaka mistari iishe. Kwa hiyo tukakaa ndani ya weupe ule, honi inalia kila baada ya dakika chache, siku moja, kumi, ishirini. Nilikuwa natembea kwenye ujia wa vyumba kwenda na kurudi hadi Mzee Salehe akaniuliza kama napima niweke zulia. Unakumbuka kabla hatujaoana nilishuka duara, shimo la dhahabu, kule Rwamgasa, nikatoka baada ya wiki mbili kwa kubanwa kifua? Ukanicheka. Kule walau kulikuwa na kamba, ukiivuta walio juu wanajua unataka kutoka. Huku nimebanwa vilevile, na sina kamba.

Ndipo ikaja Jumapili ile. Mtandao wa meli ulikufa kwa dhoruba moja kabla ya ukungu, imebaki simu ya nahodha, kila mtu dakika tano kwa wiki. Ukaniambia nesi wa kliniki amekuandikia rufaa. Mtoto amekaa vibaya, na kwa mshono wa upasuaji uliobaki tangu kuzaliwa kwa Doto hutakiwi kungojea uchungu ukiwa kijijini. Anataka uende mapema Shinyanga, ukae kwa dada yangu karibu na hospitali. Kisha ukasema, "Lakini tunakusubiri wewe, Baba Kulwa. Mama anasema neno lako ndilo neno."

Neno langu! Nalikumbuka vizuri. Siku ya kuniaga, tumbo limejaa na watu wananisifu, nilisimama nikasema mke wangu asitoke kwenye mji huu mpaka nirudi, nitampeleka kujifungua mwenyewe, nisionekane nimemtupia dada yangu mzigo. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa najipendekeza tu kwa masikio yangu mwenyewe. Na siku hiyo kwenye simu, badala ya kusema nenda, nikasema wiki ijayo nipo nyumbani.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Ilibaki mistari miwili, na meli iliendelea kuipita polepole, kwani fomu ndizo zinazosema kama mstari umefanyika. Mwenzangu wa kundi la chini alikuwa amelala na homa, fomu nazijaza peke yangu. Siku mbili mfululizo, ukungu umetufunika kama shuka, mimi nikaandika: hali nzuri, tunaona mbali. Nikaongeza nyangumi watatu na kundi la pomboo, fomu isionekane tupu. Nilidhani karatasi zinalinganishwa tukifika bandarini, na mimi nikifika bandarini ni basi tu hadi kwako.

Kumbe huyu mama analinganisha kila Ijumaa. Kundi la juu lilikuwa limeandika kwamba hata pua ya meli halioni. Akaniita, akaziweka karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine. Hakunifokea. Aliniuliza, "Hawa watatu walikuwaje?" Mimi ninayemjua ng'ombe wa jirani kwa doa la sikio, nikasema tu kwamba walikuwa wakubwa.

Amesema hawezi tena kuiamini fomu yoyote niliyojaza tangu ukungu uanze. Mistari sita inarudiwa, miwili hiyo na minne tuliyoihesabu ukungu ulipopungua. Na bahari ilivyo, hakuna anayejua itaisha lini. Wenzangu ishirini nao wana wake na waume na watoto, na wote wamefungwa humu kwa ajili yangu. Mezani wananipitishia chumvi bila kunitazama. Ninastahili. Lakini wewe hustahili, na huyo mtoto hastahili.

Jumapili iliyopita nilikupigia nikakwambia uende. Mama akaichukua simu. Akasema, "Ng'wana wane, mwanangu, neno ulilolisema mbele ya watu hulifuti kwenye simu. Siku hizi matapeli wanaiga hadi sauti. Kwani wewe huji? Si ulisema wiki hii?" Nilikuwa na dakika nzima imebaki. Nilinyamaza mpaka ikaisha, kwa sababu nilishindwa kumwambia mama yangu kwamba mwanawe ameghushi karatasi. Mama Kulwa, ile dakika ndiyo inayonisumbua kuliko yote.

Mama, shikamoo. Mimi ni Masanja wako. Si tapeli, na mke wangu hajanituma. Sikukosea kukuheshimu, nilikosea kujisifu. Wiki hii siji, na wiki ijayo siji, na sijui lini, na sababu ni mimi mwenyewe. Nilisema mbele yenu asitoke mpaka nirudi. Leo mbele yenu hao hao nalifuta neno hilo. Baba mkwe, shikamoo, nawe umesikia. Mwenyekiti, shahidi ni wewe. Mama, nakuomba kitu kimoja zaidi: umsindikize. Wewe ndiye uliyemshika mkono alipomzaa Doto, na bila wewe ataogopa.

Wadogo zangu waangalie ng'ombe. Pacha wabaki kwa baba mkwe, na wasije wakadanganywa kwamba mama yao kaenda sokoni. Waambieni ukweli. Dada yangu wa Shinyanga mpigieni leo atandike kitanda. Wasalimieni jirani zetu wa upande wa kisimani na yule mjomba mchimba dhahabu wa Bulyanhulu, mwambieni ile pikipiki yake kwa leo isiende machimboni, impeleke shemeji kutafuta gari.

Mke wangu, nakupenda na ninaogopa. Nimeogopa tangu ulipotaja neno rufaa, na hofu hiyo ndiyo iliyonifanya mjinga. Mtoto akizaliwa mpeni jina Shija kama inavyompasa anayewafuata pacha, msingoje nije nimpe mimi. Msingoje nije kwa jambo lolote. Salehe amekuja mlangoni na mkono wake umefungwa bandeji, anasema mashua imefika.

Shemeji, acha kusoma. Mama Kulwa, inuka uende.

Mumeo,
Masanja, Baba Kulwa