Skrubu Nne za Gitaa la Baba Mdogo

Karakana ya Bentsil,
Njia ya Stesheni,
Sekondi.
14 Juni 2009

Mpendwa dada Araba,

Pokea salamu zetu sote. Goti lililokusumbua wakati wa baridi limepona? Jens na watoto hawajambo? Huku tu wazima, ila mvua haituachii na viti ninavyopaka rangi vinakataa kukauka. Mke wangu Esi anasema bora tuviuze vibichi kama samaki.

Nakuandikia kuhusu gitaa la besi la marehemu baba yako, uliloniachia baada ya arobaini ili nilibandue rangi nyeusi nikutumie. Nimechelewa, najua, lakini safari hii si uvivu.

Unajua ugomvi ulivyoanza. Baba yangu alilinunua likiwa la samawati, akamwachia baba yako, Baba Mdogo Fiifi, alipokwenda kufanya kazi Abidjan. Bibi Efua, mama yao, alipofariki mwaka 1978, Baba hakuwahi mazishi. Aliporudi alikuta gitaa jeusi lenye sauti nyingine. Akasema mdogo wake ameuza lake na kumletea takataka, na akakataa kulichukua. Hawakula tena sahani moja mpaka baba yako akafa. Sisi watoto tuliambiwa Baba Mdogo ni mwizi, nami niliamini. Nisamehe kwa hilo.

Sasa sikia. Nilipopiga msasa, chini ya nyeusi nilikuta samawati. Nikajiambia magitaa ya samawati ni mengi. Nikatoa bamba la plastiki la mbele. Chini yake tundu limepanuliwa kwa patasi na kuzibwa puti, na kinasa sauti kilichomo, kile kidude cha chini ya nyuzi, kimetoka kwenye gitaa jingine, waya zimeungwa kwa mkono.

Nikamwendea Shangazi Ekua, nikamkuta anamenya muhogo, nikamweleza niliyoyaona.

"We Kobina," akasema, "ulitaka bendi isimame mbele ya maiti na gitaa la rangi ya anga, kama watu wa harusi? Wazee walikataa katakata! Fiifi akalipaka nyeusi asubuhi ile ile, tena rangi ya mlango. Mchana mvua ikatunyeshea, gitaa likakata sauti pale pale makaburini. Hicho kidude alikiomba kwa watu, kaka yake asije akalikuta bubu."

"Mbona hukusema, Shangazi?"

"Nilisema mpaka nikachoka. Baba yako hakumzika mama yake. Alikuwa na aibu, akatafuta wa kumkasirikia."

Basi nikafungua shingo ya gitaa. Inashikwa na skrubu nne tu. Ndani, pasipofika rangi, pana maandishi ya penseli: Kojo Bentsil, Krismasi 1969. Ni mwandiko wa Baba, na ile K yake yenye mguu mrefu.

Nikampelekea Baba kitini kwake. Alivaa miwani, akasoma, akaivua, akaivaa tena. Nilidhani atabisha, maana unamjua Baba Mkubwa wako.

Akauliza tu, "Umefungua kwa bisibisi gani?"

Nikamwonyesha.

"Ninayo kama hiyo," akasema. "Ninayo tangu hujazaliwa."

Kisha akalia, dada. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Kwetu mkosaji haendi kuomba msamaha peke yake, hilo hujalisahau hata kama umekaa Hamburg miaka mingi. Kwa hiyo Baba amenituma mimi nikusihi kwa niaba yake. Chupa ya pombe ya tambiko ameshainunua, iko chini ya kitanda, ila hataki kufika kaburini kwa ndugu yake bila wewe. Njoo Agosti ukiweza. Ana miaka sabini na minane na magoti yake ni mabaya kuliko lako.

Gitaa sijalimaliza. Mbele ni samawati, nyuma bado nyeusi, na Baba amenikataza kuigusa. Anasema mazishi ya mama yake aliyoyakosa yamebaki hapo tu. Kila jioni huliweka mapajani, akapitisha kiganja mgongoni mwa gitaa, wala halipigi. Anasema atalipiga ukija.

Esi, Shangazi Ekua na Baba wanakusalimu. Msalimie Jens, na uwabusu watoto. Mungu akulinde njiani, maana nimeshakuhesabu kuwa uko njiani.

Ndugu yako akupendaye,
Kobina